Kushika Tena Usukani: Somo kwa Aliyepatwa na Ajali ya Gari

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu wengi katika mwambao huu huchuma riziki zao kwa gari, na kwa gari huwatembelea wazee wao na kuwapeleka wagonjwa wao hospitali. Gari ni neema, na neema hiyo ina khatari yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 ya kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Hao ndio waliokufa. Ama waliosalimika ni wengi zaidi, na khabari zao haziandikwi sana. Mtu hutoka hospitali, bandeji ikafunguliwa, gari likatengezwa, jamaa wakampa pole. Kisha siku moja akashika ufunguo, mkono ukamtetema, akaurudisha ufunguo msumarini. Somo hili ni la mtu huyo.

Nimeligawa fasili sita, na mwisho wake masuali machache ambayo watu wameniuliza.

FASILI YA KWANZA: YALIYONIPATA

Sipendi kusimulia khabari za nafsi yangu. Lakini mwalimu anayesomesha jambo alilolikimbia yeye mwenyewe, yampasa akiri kwanza.

Katika masika ya mwaka 2022, asubuhi, nalitoka Mombasa kwenda Malindi kumzuru mama yangu. Nalikuwa na mwanafunzi wangu mmoja wa miaka kumi na minne, ambaye babake alinipa ruhusa nimchukue. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulipokwisha pita Mtwapa nalikuwa nyuma ya lori, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na baina yangu na lori hapakuwa na nafasi ila ya gari mbili au tatu. Lori likapunguza mwendo kwa ghafula. Nikakanyaga breki, tairi zikateleza juu ya maji, nikaligonga lori kwa nyuma, upande wa kushoto, upande aliokaa kijana.

Mikanda tulikuwa tumefunga, na baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu hiyo ndiyo sababu ya kuwa hai. Mimi nalitoka na michubuko. Kijana alivunjika mkono wa kulia, karibu na kifundo, mkono ule ule anaoshikia kalamu. Hakulia. Aliniuliza, "Maalim, u salama?" Suali hilo lalinikaa kifuani kuliko mshindo wa ajali yenyewe.

Babake alinisamehe siku ile ile. Mkono uliunga. Gari lilitengezwa. Lakini mimi sikushika usukani muda wa miezi saba.

Sikuacha yote kwa siku moja. Kwanza naliacha njia ya Malindi. Kisha nikaacha kutoka siku za mvua. Kisha nikaacha kuvuka daraja la Nyali. Mwisho nikaacha hata kulitoa gari uwani, likakaa chini ya mwembe mpaka majani yakajaa juu ya kioo. Na nilipopanda gari la mtu mwingine, mguu wangu wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kutafuta breki ambayo haipo. Watu wakiniuliza, nalisema, "Nimemwachia Mungu." Jawabu hili lilipendwa na watu, nami nikalipenda.

Mama yangu alikuwa amezoea kuniona kila Alhamisi jioni. Katika miezi hiyo saba nalikwenda mara mbili tu. Hakunilaumu. Siku moja aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, kwani barabara imefungwa?"

Basi haikupita juma moja, nikawa nasomesha hadithi mashuhuri iliyo katika Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache bila kufungwa na ategemee. Naye akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Nikaeleza vizuri, kama nilivyoeleza miaka ishirini. Yule kijana, ambaye mkono wake ulikwisha pona, akainua mkono huo huo akauliza, "Maalim, na ngamia wako je? Yeye amefungwa miezi saba, lakini hapandwi."

Darasa zima likanyamaza. Sikuwa na jawabu. Fasili zilizobaki ndizo jawabu nililolipata baadaye.

FASILI YA PILI: KHOFU HII NI KITU GANI

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa khofu imeumbwa kwa manufaa yetu. Mtu akiona khatari, moyo humpiga mbio ili damu ifike mikononi na miguuni, pumzi huwa za haraka, misuli hukaza, na macho hayatazami kitu ila ile khatari. Hayo ni maandalizi ya kukimbia au kupambana. Si maradhi, wala si upungufu wa imani.

Lakini baada ya ajali khofu hupoteza kipimo. Mfano wake ni mlinzi wa nyumba iliyoibiwa usiku mmoja. Usiku unaofuata atapiga kelele kwa paka, na kwa upepo, na hata kwa mwenye nyumba mwenyewe arudipo kutoka msikitini. Mlinzi huyu hakukosa uaminifu; alilokosa ni kipimo. Ndivyo alivyo mtu aliyepatwa na ajali: husikia breki za mbali akaruka, huona lori limesimama kando ya njia jasho likamtoka, na hulala akaiona ajali ile ile usingizini.

Na mlinzi huyu hafundishwi kwa maneno. Waweza kuiambia nafsi yako mara mia kwamba hapana khatari, nayo isisikie. Husikia vitendo tu. Kila unapolisogelea gari, moyo ukapiga, kisha ukageuka ukaenda zako, utaona raha papo hapo. Na raha hiyo ndiyo mtego wenyewe. Kwani mlinzi husema, "Tumeokoka kwa kuwa tumekimbia," na kesho atapiga kelele zaidi, na mapema zaidi. Sisi walimu wa chuo twajua ya kuwa mtoto huhifadhi somo kwa kukariri. Khofu nayo huhifadhiwa kwa kukaririwa, na kila kukimbia ni kuikariri mara moja. Miezi saba nalidhani napumzika, kumbe nalikuwa nadurusi.

Kadhalika jua ya kuwa ndani ya khofu hii mna vitu viwili vilivyochanganyika, nasaha na wasiwasi, na ni wajibu kuvitenga.

Nasaha ni ile sehemu ya khofu inayokuambia neno la kweli, na ina kitendo unachoweza kukifanya kikaisha. Nasaha yangu mimi ilikuwa hii. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Mtu akiona jambo la ghafula, mpaka afahamu na mguu ufike kwenye breki, yapita sekunde moja na nusu hivi. Yaani mita 33 zimekwisha na breki bado haijaanza kazi. Nami nalikuwa nimeacha mita kumi na tano. Basi ajali yangu ilikwisha andaliwa kwa mkono wangu kabla lori halijasimama. Hili ni kosa langu, na dawa yake ni kuacha nafasi.

Ama wasiwasi hauna kitendo, au una kitendo kisichokwisha. Hukuambia tazama kioo, ukatazama. Hukuambia tazama tena. Ni kama mtu aliyetia udhu, kisha akatia shaka kama umetanguka, akarudi kwenye birika mara ya pili na ya tatu mpaka jamaa wakatoa salamu. Wanazuoni wetu wameweka kanuni ya kwamba jambo la yakini haliondoshwi na shaka. Ukisha funga mkanda, ukatazama vioo, ukaacha nafasi, na mwendo wako ni wa kadiri, una yakini ya kuwa umefanya lililo juu yako. Linalokuja baada ya hapo ni shaka, nalo halina haki ya kukuondosha barabarani.

FASILI YA TATU: KUMTEGEMEA MUNGU SI KUACHA

Wapo waliopatwa na ajali wakasema kama nilivyosema mimi, kwamba kuacha kuendesha ni kumwachia Mungu. Na wapo wengine, nao ni wabaya zaidi, wanaorejea siku ya pili wakienda mbio kama jana, wakisema kilichoandikwa hakikwepeki. Hawa wawili waonekana ni kinyume, lakini kosa lao ni moja: wote wawili wameacha kumfunga ngamia kisha kumpanda.

Kumbuka khabari ya Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham, akapata khabari mahali paitwapo Sargh ya kuwa tauni imeingia huko. Alishauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwa maana ya kwamba anaitoka kadari akiiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Basi kujihadhari nako ni katika kadari. Lakini angalia: Umar alirudi kwa sababu inayojulikana, baada ya kushauriana, na tauni ilipokwisha alikwenda Sham. Hakuifanya njia ile kuwa haramu juu ya nafsi yake maisha yake yote.

Na iliyo karibu zaidi na khabari yetu ni ya Nabii Musa, amani imshukie. Fimbo yake alikuwa nayo siku zote, akiiegemea na kuwaangushia majani kondoo zake. Siku moja kitu hicho alichokizoea kikageuka mbele ya macho yake kikawa nyoka, naye akageuka akakimbia wala hakutazama nyuma. Hakulaumiwa kwa kuogopa. Aliitwa arudi, akaambiwa asiogope, na katika Sura Taha twasoma ya kuwa aliamrishwa aishike ile ile aliyoikimbia. Hakupewa fimbo nyingine. Na katika sura hiyo hiyo twasoma kwamba baadaye, mbele ya wachawi, aliingiwa na khofu tena nafsini mwake, na juu ya hivyo aliitupa fimbo yake.

Tupate mafunzo mawili hapa. La kwanza, khofu ya kitu ulichokizoea kilichokugeukia huondoka kwa kukishika tena. La pili, khofu ikirejea mara ya pili si dalili ya kuwa mara ya kwanza hukupona.

FASILI YA NNE: YANAYOTANGULIA KUREJEA

Usirejee kwenye usukani mpaka utimize mambo matatu.

La kwanza ni mwili. Aliyegongwa kichwa, au aliyezimia hata kwa dakika moja, asiendeshe mpaka daktari ampe ruhusa, kwani kizunguzungu na uzito wa fikira huweza kukaa siku nyingi na mwenyewe asijue. Aliyeumia shingo ajaribu kwanza kama aweza kugeuza uso kulia na kushoto bila maumivu. Asiyeweza kutazama nyuma hawezi kuingia barabarani kwa usalama. Na dawa za maumivu ziko ziletazo usingizi, basi muulize daktari au muuza dawa kabla hujaendesha.

La pili ni gari. Lipeleke kwa fundi unayemwamini, umwombe atazame breki, tairi, taa, mikanda na usukani, na uwepo atazamapo. Mkanda uliovutwa kwa nguvu katika ajali yafaa ubadilishwe ingawa waonekana mzima. Faida ya jambo hili ni mbili: gari huwa salama kweli, na wasiwasi hunyimwa hoja.

La tatu ni haki za watu, na hili wengi hulisahau. Mtu aliyemdhuru mwenziwe na hajamaliza naye, hubeba mzigo ule kila akaapo kwenye kiti cha dereva, akadhani ni khofu ya barabara. Kama ulikosea, kiri kosa, lipa khasara au kamilisha mambo ya bima, mzuru uliyemwumiza, umtake radhi. Kama roho ya mtu ilitoka kwa kosa lako pasi na kukusudia, hukumu zake za kafara na dia asili yake ni aya ya 92 ya Sura An-Nisaa, nazo zina ufafanuzi mrefu. Usizikisie, nenda kwa mwanachuoni umweleze kisa chote kwa kweli. Sharia imeweka mlango wa kutokea. Mwenye kutimiza lililo juu yake na kutubia, hakuamrishwa kujiadhibu baada ya hapo kwa adhabu aliyoitunga mwenyewe.

Mimi nalikwenda kwa yule kijana na babake, nikasema yale niliyokuwa sijayasema: kwamba lori halikuwa na kosa, kosa ni langu, nalikuwa karibu mno. Mzee yule alicheka, akasema, "Mwanangu alinambia siku ile ile. Tulikuwa twakungoja wewe ulijue."

FASILI YA TANO: DARAJA ZA KUREJEA

Mtoto akiletwa chuoni hatumpi msahafu siku ya kwanza. Twampa alifu na bee, kisha irabu, kisha kuunganisha, kisha sura fupi za Juzuu Amma, na haruki daraja mpaka aliyo nayo imemkaa ulimini. Hii ndiyo njia ya kurejea kwenye usukani, na ajabu yangu ni kuwa nalikuwa nikiisomesha kila asubuhi wala sikuiona. Madaktari wa nafsi nao huifuata njia hii katika kutibu khofu za namna hii.

Chukua daftari. Kila siku andika tarehe, ulichokifanya, na khofu yako ilikuwa ngapi katika kumi: sifuri ni utulivu, na kumi ni khofu isiyovumilika. Kisha fuata daraja hizi:

1. Kaa katika kiti cha dereva, gari limezimwa, limesimama uwani. Funga mkanda, shika usukani, tazama vioo. Kaa mpaka khofu ishuke nusu yake, hata ikiwa ni nusu saa. Mimi siku ya kwanza naliandika nane. Siku ya nne nikaandika tatu.

2. Washa gari. Lipeleke mbele na nyuma katika uwanja mtupu. Piga breki mara nyingi, mguu ujue ya kuwa breki zinashika.

3. Zunguka mtaa wako baada ya sala ya alfajiri, kukisha pambazuka na njia ikiwa nyeupe.

4. Ingia njia za mjini saa za mchana, ukiwa na mwenzio aliyetulia.

5. Nenda njia kuu masafa mafupi, kilomita tano kisha kumi, mchana wala pasi na mvua.

6. Pita mahali pa ajali: kwanza ukiendeshwa, kisha ukiendesha na mwenzio, kisha peke yako.

7. Mwisho wa yote ni mvua na usiku, kwa kadiri ya haja, na kwa hadhari ambayo ingemfaa hata asiyepatwa na ajali.

Kanuni zake ni nne. Usiruke daraja. Irudie kila daraja siku kadha, mpaka ikuchoshe. Kuchoshwa nayo ni alama njema. Usishuke garini khofu ikiwa juu kabisa, bali ngoja ianze kuteremka, ili mwili ujue ya kuwa khofu hushuka yenyewe bila kukimbiwa. Na usipishane siku nyingi baina ya somo na somo, kwa sababu mtoto aliyekosa chuo mwezi mzima hurudi kwenye alifu.

Na ukiwa njiani nyuma ya gari, jipime nafasi hivi. Chagua mlingoti au mti. Gari la mbele likiupita, sema polepole Subhana Llah mara tatu, kila moja kadiri ya sekunde. Ukifika penye mti kabla hujamaliza, uko karibu mno, punguza mwendo. Katika mvua, sema mara sita. Hii ndiyo nasaha ya ajali yangu niliyoifanya kuwa desturi, nayo yatuliza moyo na yaokoa roho pamoja.

Kabla ya kuondoka, soma dua ya kupanda chombo ambayo asili yake ni Sura Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14. Isome mara moja kwa kuizingatia maana yake, kisha funga mkanda na utazame vioo.

FASILI YA SITA: KHOFU IKIKUSHIKA NJIANI, NA WAJIBU WA JAMAA

Khofu ikikujia kwa nguvu ukiwa barabarani, usisimame katikati ya njia wala usipige breki kwa ghafula. Washa ishara, toka kando mahali palipo wazi na salama, washa taa za khatari. Vuta pumzi kidogo, kisha itoe polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Fanya hivyo mara kumi. Hisi kiti kilichokubeba na usukani mkononi. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona: mnazi, duka, mbuzi, bango, mtu mwenye baiskeli. Hili huirudisha akili kutoka siku ya ajali hata siku uliyo nayo. Khofu ikishuka, endelea mbele japo kidogo ndipo urudi nyumbani, ili somo la mwisho la siku hiyo lisiwe la kukimbia.

Na siku zitakuja utakazoandika mbili, kisha kwa ghafula ukaandika saba. Rudi nyuma daraja moja, wala usirudi mwanzo.

Ama ninyi jamaa za aliyepatwa, msimcheke, wala msimwambie kuwa mwanamume haogopi. Msimlazimishe kupita mahali pa ajali kabla ya wakati wake. Lakini pia msimbebe kila mahali kila siku, kwa kuwa huruma hiyo humsaidia kukimbia. Mtu bora wa kukaa naye garini ni yule asemaye machache, asiyeshika dari kila gari likipinda, na asiyetoa mafunzo ya udereva. Mimi nalimpata mtu kama huyo. Alikuwa na miaka kumi na minne, akaomba mwenyewe kwa idhini ya babake, akakaa kiti kile kile cha kushoto.

MASUALI

Suali: Mtu anaota ajali kila usiku, na hushituka kwa kila mlio. Je, ni jini?
Jawabu: Mambo haya hutokea kwa watu wengi baada ya ajali, na kwa walio wengi hupungua baada ya majuma machache. Yakizidi mwezi mmoja, au yakimzuia mtu kazi yake na usingizi wake, au akiona maisha hayana faida tena, aende kwa daktari wa nafsi bila ya kuona haya. Kusomewa Kurani ni kheri, na hakumzuii mtu kutafuta tiba, tumeamrishwa kujitibu.

Suali: Je, yafaa mtu atafune miraa au anywe vidonge vya kutuliza ili apate ushujaa wa kuendesha?
Jawabu: Haifai. Vidonge vingi vya kutuliza hulegeza macho na mikono, na ushujaa wa kuazima hurudi kwa mwenyewe. Apewaye dawa na daktari amwulize kama anaweza kuendesha naye anaitumia.

Suali: Mtu akiuza gari lake, asiendeshe tena maisha, ana makosa?
Jawabu: Hana. Kuendesha gari si faradhi. Lakini ajiulize kwa ukweli: je, nimechagua, au nimekimbia? Mwenye kuchagua aweza kupanda gari la mwenzie kwa utulivu na kuwafikia jamaa zake. Mwenye kukimbia, njia zake zitazidi kupungua hata baada ya kuliuza gari.

KHATIMA

Katika mwezi wa pili tangu nilipokaa uwani siku ya kwanza, Alhamisi moja, nalikwenda Malindi peke yangu. Nilipofika mahali pale nalikuwa na nne katika kumi. Nalisema Subhana Llah mara tatu nyuma ya basi, nikapita. Mama yangu alikuwa barazani. Hakuuliza khabari za khofu wala za ajali. Alisema, "Naona barabara imefunguliwa," akaingia ndani kuniletea chai.

Basi, ndugu yangu, kama gari lako limelala chini ya mwembe, leo usiende Malindi. Nenda kaondoe majani juu ya kioo, kisha kaa katika kiti. Kesho kaa tena.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awarehemu waliotangulia kwa ajali, na awaponye waliobaki, miili yao na nyoyo zao. Amin.